Mkalimani na Neno "Mimi"

Katika kila chumba cha daktari alichoingia, Mkalimani alianza kwa kuhamisha kiti. Alikitoa ukutani, akakiweka ubavuni mwa mgonjwa na nyuma yake kidogo, hatua moja tu, ili daktari akiinua macho amwone mgonjwa na si yeye. Kisha aliketi, akaweka mkoba sakafuni kati ya miguu, akakunja mikono mapajani, na tangu hapo akawa hayupo. "Mimi pale ni sauti," aliniambia siku moja. "Sauti haina uso, Mwalimu. Haina njaa, haina magoti." Nilimjibu kwamba magoti anayo, maana nilikuwa nimeyasikia yakilia tulipokuwa tukipanda ngazi kutoka kituo cha treni cha Hagsätra kwenda kwake. Alicheka, akashika chuma cha ngazi, akafungua mkoba na kuanza kutafuta kitu.

Alitafuta kwa muda mrefu. Nilisimama nikimngoja, nikidhani ni funguo. Alichokuwa akikitafuta ni pumzi.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Wanaomjua wanajua, na wasiomjua hawatamfahamu zaidi kwa kuambiwa. Nilimjua kwa miaka kumi na minane, yeye akiwa mkalimani wa Kiswahili na Kiswidi katika hospitali na vituo vya afya vya Stockholm, mimi nikiwa mwalimu wa Kiswahili, ninayezunguka shule hadi shule kuwafundisha watoto lugha ambayo, wakirudi nyumbani, mama zao huizungumza na wao hujibu kwa Kiswidi. Naandika habari zake kwa sababu moja. Kwa muda wa miaka miwili moyo wake ulikuwa ukimpa taarifa, na mwanamke huyu, aliyezifikisha kwa madaktari taarifa za mioyo ya wenzake wengi, hakuifikisha ya kwake. Karibu imuue. Nami nilikuwa pale pale, mwenye macho mawili na kabati la vitabu, nisione kitu. Basi msomaji akikuta ukali katika maneno haya, ajue kwamba nimeanza kuutumia kwangu mwenyewe.

Ukalimani una kanuni ambazo watu wa nje hawazijui. Mkalimani hasemi, "Mgonjwa anasema ana maumivu." Husema, "Nina maumivu." Maneno ya mgonjwa hubaki katika nafsi ya mgonjwa, na anayeyatamka hujiondoa njiani. Ndimi zetu hulificha neno "mimi" ndani ya kitenzi. Ukisema "naumwa", mimi yako imemezwa na silabi moja. Kiswidi hakikubali. Kiswidi kinataka nafsi isimame peke yake mwanzoni mwa sentensi, jag, yaani mimi, kila mara, bila aibu. Kwa hiyo Mkalimani alilitamka neno hilo siku nzima. Mimi nimetokwa na damu siku kumi na tisa mfululizo. Mimi sitaki mume wangu ajue. Mimi nimelala na dirisha wazi mwezi wa Januari na bado shuka zimelowa. Asubuhi alikuwa mjamzito, saa tano mjane, na baada ya chakula cha mchana mzee wa miaka themanini mwenye tezi dume.

"Nimezaa mpaka nimesahau idadi," alikuwa akiwaambia akina mama kanisani. "Na tezi dume nimetolewa mara tatu."

"Na ya mara ya tatu ilitoka wapi?" mmoja akamuuliza.

"Muulize daktari. Mimi nilifasiri tu."

Kanuni ya pili ni kinyume cha ya kwanza. Ikitokea kwamba mkalimani mwenyewe ana jambo la kusema, labda hakusikia vizuri au hakuelewa neno, haruhusiwi kutumia "mimi", kwa sababu mimi ni mali ya mgonjwa. Hujitaja kama mtu wa tatu: "Mkalimani anaomba ufafanuzi." "Mkalimani hakusikia mwisho wa sentensi." Nadhani ndiyo maana jina lile lilimganda. Kanisani aliitwa Mkalimani, misibani Mkalimani, hata binti yake akitaka kumtania alimwita hivyo. Mtu aliyefanya kazi hiyo miaka mingi huzoea kuwa kila mtu chumbani isipokuwa yeye, na mazoea hayo hayavuliwi mlangoni pamoja na viatu vya theluji. Ukimuuliza, "Dada, umeshindaje?" alijibu, "Tumeshinda." Ukimuuliza kama amechoka, alisema, "Watu wanachoka siku hizi." Sikupata kumsikia akilalamika kwa nafsi ya kwanza, na nilimsifu kwa hilo. Nilisema hadharani, katika mkutano wa akina mama, kwamba yeye ni mfano wa unyenyekevu. Leo neno hilo linanichoma.

Kanuni ya tatu ni siri, na hiyo aliishika kama kiapo. Hakutaja jina, mtaa, wala umri. Kila kisa chake kilikuwa na mlango mmoja tu: "Kuna mama mmoja." Usingeweza kumpata mama huyo hata ungezunguka Stockholm yote na taa.

Kisa kimoja alikirudia kuliko vingine, na kila mara kilikuwa kifupi zaidi, kama kipande cha sabuni. Kuna mama mmoja aliyepiga simu kituo cha afya. Hapa tu alitaja nchi, Kongo, kwa kuwa bila nchi kisa hakipo. Mkalimani alifasiri kwa simu, bila kuwaona wenzake. Mama akasema, "Roho iko inaniluma, maman. Roho iko inaniluma sana tangu jana." Kwetu sisi tuliokulia Kenya, mtu ambaye roho inamuuma ana huzuni, au kijicho, au amedhulumiwa. Mkalimani akalifikisha hilo kwa Kiswidi safi: mimi nina huzuni kubwa tangu jana. Muuguzi, mtu mwema, akauliza maswali ya huzuni. Unalala? Una mtu wa kuzungumza naye? Mama akajibu kwamba halali na kwamba yuko peke yake, na yote mawili yalikuwa kweli. Akapangiwa kuonana na mshauri wiki iliyofuata. Kumbe katika Kiswahili cha kwao roho ndiyo hii nyama inayodunda chini ya mbavu. Mama alikuwa ameutaja moyo wake kwa jina lake halisi, kwa mtu aliyeamini kwamba lugha yao ni moja.

"Alipona," Mkalimani aliongeza haraka, kabla hujauliza. Kisha: "Kwa sehemu. Kuna sehemu ya moyo haikurudi."

Tangu hapo alibadilisha namna yake ya kufanya kazi. Mgonjwa akitaja moyo, roho, kifua, au hata tumbo la juu, alimgeukia daktari na kusema, "Mkalimani anaomba ruhusa ya kuuliza," kisha akamwambia mgonjwa, "Mama, weka mkono panapouma." Aliamini mkono kuliko maneno. Katika mafunzo yake walimwambia kwamba anavuka mpaka. Alikubali kwamba anauvuka, akaendelea.

Jumapili moja kila mwezi akina mama wa jamii yetu hukutana katika ukumbi mmoja Rissne, karibu na kwangu, na hapo Mkalimani alikuwa mtu mwingine, mwenye uso na sauti yake. Wiki nzima alifasiri. Siku ile alifundisha. Alianza na neno lenyewe, kwa kuwa sisi wa umri huu tulikuwa hatuna neno. Kukoma hedhi lilionekana kali mno, kama hukumu. Wazee walisema "kuacha kwenda mwezini". Wengi walinyamaza tu. Waswidi wanaita klimakteriet, na kuna mama mmoja aliyetoka kwa daktari akawaambia wenzake kwa fahari kwamba ameambiwa yuko Kilimanjaro. Kosa hilo lilitufaa kuliko kamusi yoyote. Kuanzia siku hiyo wanawake walioona haya kutamka hedhi mbele ya wenzao waliulizana jikoni, juu ya masufuria, bila kupunguza sauti:

"Mama Mchungaji, uko kituo gani?"

"Mimi niko kileleni mwaka wa tatu. Nawaona wote mkihema huko chini."

"Mimi niko msituni, na msitu unawaka."

"Fungua dirisha basi, usituchome!"

"Na Mwalimu je? Mwalimu hatuambii yuko kituo gani."

"Mwachieni Mwalimu," Mkalimani akajibu kwa niaba yangu. "Bado yuko ofisini, anasoma ramani."

Walicheka mpaka mmoja akaangusha mwiko. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka hamsini na moja, nguo ya ndani imenilowa mgongoni, na wiki hiyo moyo ulikuwa umenirukaruka mara mbili nikiwa mbele ya darasa. Nilichukua sinia la chapati nikaenda nalo ukumbini, nikiamini kwamba heshima ya mwalimu ni kutoulizwa.

Wakishacheka vya kutosha, aliwaambia aliyowaitia. Kwamba joto na jasho ni sehemu inayoonekana, na kwa hiyo ndiyo tunayoizungumza. Kwamba hedhi ikikoma mishipa ya damu nayo huingia katika hali nyingine. Presha hupanda bila kubisha hodi, mafuta huongezeka katika damu, na moyo ambao ulikuwa na kinga fulani hubaki na kinga kidogo zaidi. Kwamba mwanamke ambaye hedhi yake imekoma mapema, au aliyepata presha alipokuwa na mimba, hata kama mimba hiyo sasa ina ndevu na inaendesha gari, anapaswa kumwambia daktari. Na kwamba moyo wa mwanamke haulalamiki kila mara kama wa mwanamume kwenye sinema, anayejishika kifua akaanguka. Wakati mwingine husema kwa uchovu usioeleweka, kwa pumzi fupi, kwa kichefuchefu, kwa maumivu ya mgongo au ya taya. Alisema taya. Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu, na nikaliandika katika daftari, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa katibu.

Mkobani alikuwa na mashine ya kupimia presha. Aliwafunga wanawake kitambaa mkononi mmoja mmoja, akaandika namba zao katika vikaratasi vidogo, akawakemea waliozidi. Siku moja nilimwambia, "Na wewe je?" Alijibu kwamba mkono wake ni mnene, kitambaa hakitoshi. Dakika tano kabla ya hapo nilikuwa nimeona kitambaa hicho kikimtosha mama mnene kuliko sisi wawili. Aliwakataza wenzake chumvi, naye aliionja supu, akaongeza chumvi, akaionja tena, akaongeza. Aliwaambia walale kwa muda wa saa nane, naye alipokea kazi za alfajiri hospitali ya Flemingsberg, kusini, na za jioni upande wa pili wa jiji. Nilipomsema alinitazama kwa uso wa kazini, ule usio na mwenyewe. "Hao wanawake hawana mtu wa kuwasemea, Mwalimu. Mimi nina Kiswidi. Siku nikiumwa nitasema."

Nimefikiri sana juu ya jibu hilo. Jamii yetu humheshimu mwanamke kwa kipimo cha mzigo alioubeba bila kutoa sauti. Tunapomzika ndipo tunapohesabu mizigo, kwa hotuba ndefu, na hakuna anayesimama kuuliza kwa nini hakuitua. Mkalimani aliijua dhambi hiyo, aliifundisha kama dhambi, kisha akaifanya kila siku. Simhukumu kwa unafiki. Nadhani kweli aliamini kwamba kulijua jambo ni sawa na kulitenda, na hilo ni kosa la watu waliosoma, yaani kosa langu.

Mwezi wa Novemba alikuja kwangu Rissne mchana, nikiwa nasahihisha insha. Nilimpa chai. Alikaa na kikombe mikononi, hakunywa, akasema:

"Kuna mama mmoja, taya linamuuma."

"Lipi?"

"La kushoto. Akipanda ngazi linamuuma, akisimama linaacha. Na akiwa na mizigo."

Sikuinua macho. Mtoto mmoja alikuwa ameandika "mbwa zangu" na nilikuwa nikitafuta kalamu nyekundu. "Ni jino hilo," nilisema. "Anakaza meno akipanda. Mwambie huyo mama aende kwa daktari wa meno."

"Na uchovu je?"

"Nani hachoki mwezi wa Novemba? Giza saa tisa."

"Haya," akasema. "Nitamwambia."

Alimwambia. Baadaye sana nilijua kwamba wiki hiyo hiyo alikwenda kwa daktari wa meno, akakaguliwa, akaambiwa meno yako sawa, akarudi kazini akiwa na moyo uliotulizwa kwa ushauri wangu. Kwa miaka yote kabla ya siku hiyo hakuwahi kuniuliza ushauri wa kitabibu. Yeye ndiye aliyekuwa akiujua. Hilo peke yake lingetosha kunishtua. Katika daftari la mkutano, kwenye rafu iliyokuwa juu ya kichwa changu, lilikuwepo neno taya kwa mwandiko wangu.

Ilitokea Februari, katika kituo cha afya ambacho sitakitaja, upande wa kusini, ambako alikuwa na kazi saa nne. Alitembea kutoka kwenye treni juu ya theluji iliyokuwa imeganda. Njiani maumivu yalimshika taya, bega na kifua, na safari hii aliposimama hayakuacha. Alijua ni nini. Aliniambia hivyo mwenyewe: "Nilijua, Mwalimu, kama ninavyojua jina langu." Aliingia, akafika mapokezi, akamwambia mhudumu kwa Kiswidi chake kizuri, "Mimi nina maumivu ya kifua. Mimi sipati hewa."

Mhudumu alikuwa akimfahamu kwa miaka. Alikuwa amemsikia akisema mimi nina mimba, mimi nina kisukari, mimi nimepigwa, mara zisizo na idadi. Alitabasamu, akainamisha kichwa kutazama nyuma ya bega lake, akauliza, "Na mgonjwa yuko wapi?"

Simlaumu mhudumu huyo. Rafiki yangu angesema, "Mkalimani ana maumivu ya kifua," angeeleweka papo hapo. Alisema mimi, na kinywani mwake neno hilo lilikuwa limeacha kumhusu.

Ninalolitafakari zaidi ni jibu la Mkalimani. Angeweza kujipiga kifua, kupiga kelele, kuanguka. Akasema, "Anakuja." Akaenda chumba cha kungojea, akakihamisha kiti kutoka ukutani, akaketi, akaweka mkoba kati ya miguu, akakunja mikono mapajani. Akamngoja mgonjwa.

Mgonjwa alikuja. Alikuwa mama kutoka Burundi, mgeni katika nchi, aliyehitaji mkalimani kwa sababu hakuwa na Kiswidi zaidi ya vipande alivyookota dukani. Alimsalimu Mkalimani, akaona jasho usoni mwa mtu aliyetoka kwenye theluji, akaona rangi ya midomo. Hakuuliza. Aligeuka akarudi mapokezi, akaipiga meza kwa kiganja, akanyoosha kidole nyuma yake na kusema Kiswidi chote alichokuwa nacho: "Huyu mgonjwa! Huyu! Moyo!"

Wauguzi walikuja mbio. Alilazwa sakafuni, waya zikabandikwa kifuani, gari la wagonjwa likaja, na kabla ya adhuhuri mshipa wake ulikuwa umezibuliwa. Nimesema kwamba yule mama hakuwa na lugha. Nijisahihishe. Alikuwa na neno huyu, akalielekeza mahali pake.

Nilipomtembelea wodini sikuweza kumtazama. Nilimwambia, "Mimi ndiye niliyesema ni jino." Alijibu kwa sauti ndogo, "Uliulizwa habari za mama mmoja, Mwalimu. Ulijibu za mama mmoja." Alikuwa akinisamehe, na msamaha huo niliubeba nyumbani kwa uzito zaidi ya lawama.

Mei akaniandikia ujumbe. Alikuwa na miadi hospitali ya Flemingsberg, kwa muuguzi wa wagonjwa wa moyo. "Njoo nami. Si kufasiri. Kukaa tu." Tulikutana kwenye treni. Alikuwa amepungua, na alitembea taratibu kama mtu anayebeba bakuli lililojaa. Mlangoni mwa hospitali tulipitwa na wanafunzi wa uuguzi, vijana, wakicheka, wakipanda ngazi mbili mbili. Aliwatazama mpaka wakatoweka.

Chumbani mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kiti cha ukutani. Alikuwa amekwisha kukiinua nilipokishika. Tulikivutania kidogo, kama watoto. Kisha akakiachia, nami nikakiweka pale alipokiweka siku zote, ubavuni na nyuma kidogo, nikakikalia mimi. Yeye akabaki amesimama mbele ya kile kingine, cha karibu na meza, akikitazama.

"Keti, Dada," nikamwambia. "Hicho ni chako."

Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye subira. Alipima presha, akaipitia orodha ya dawa, kisha akaweka kalamu chini na kuuliza anajisikiaje. Mkalimani akajibu kwa Kiswidi kisicho na kasoro. Lakini Kiswidi, pamoja na ukaidi wake wote, kina mlango wa nyuma: neno man, yaani mtu yeyote, mtu kwa jumla. Akautumia. Mtu huchoka baada ya jambo kama hili. Mtu huhitaji muda. Mtu husoma kwamba ni kawaida.

Muuguzi akangoja. Mimi nikashindwa kungoja.

"Dada, hajamuuliza mtu," nikasema kwa Kiswahili. "Amekuuliza wewe."

Aliinamisha kichwa. Nilidhani amekasirika. Aliponyanyua uso alikuwa ameuweka mkono kifuani, palepale alipowaonyesha wanawake wengi kuuweka, na akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama anayelijaribu daraja:

"Naogopa. Nikilala nausikiliza. Ukinyamaza kidogo tu, nakaa kitako mpaka kupambazuke. Sijamwambia mtu. Naogopa, Mwalimu."

Muuguzi akatutazama, akasubiri apewe maneno hayo. Mkalimani hakuwa nayo kwa Kiswidi. Ndimi mbili alizozitumikia maisha yake yote zilikuwa kichwani mwake, na sentensi hiyo moja haikuvuka. Basi nikaivusha mimi. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kile, nikaifuata kanuni ya kiti. "Mimi naogopa," nilisema kwa Kiswidi. "Nikilala nausikiliza moyo wangu."

Nilipolitamka hilo, jasho lilinitoka mgongoni na moyo ukaruka, kama unavyoruka mbele ya darasa. Muuguzi akanigeukia mimi. Kwa upole mkubwa akaniuliza: "Umekuwa ukiogopa kwa muda gani?"

Jibu nilikuwa nalo, lakini lilikuwa langu, si la Mkalimani.

Hapo Mkalimani akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kilichomuumiza, maana alikishika kifua. Kisha akasema kwa Kiswidi, akijigonga kwa kidole: "Jag. Ni mimi. Mimi ndiye ninayeogopa." Akanisonta bila kunitazama. "Huyu bado hajui kama anaogopa. Ana miaka hamsini na mbili na hajapimwa hata mara moja."

Muuguzi akaandika habari za Mkalimani, akampa miadi ya mtu wa kuzungumza naye na nafasi katika mazoezi ya wagonjwa wa moyo. Kuhusu mimi alisema, akitabasamu, kwamba nipige simu kituo changu cha afya. Nikasema nitapiga. Nilisema kama wasemavyo watu wote.

Tulipotoka kwenye korido Mkalimani akaketi kwenye benchi la kwanza, akanyoosha mkono. "Nipe simu yako." Nikampa. Aliitafuta namba, akapiga, akasikiliza mashine, kisha ghafla akanirudishia. Upande wa pili sauti ya mwanamke ilikuwa tayari imeuliza nisaidiwe nini.

Nikamtazama. Nikamnyooshea simu.

"Sema mwenyewe, Mwalimu," akasema, akiegemeza kichwa ukutani na kufumba macho. "Mimi niko likizo ya ugonjwa."